Mstari Mmoja, Pumzi Moja

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa redio, na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi kwenye jua hili, familia imemtuma shemeji wa marehemu awasomee safari ya maisha yake, na kabla hajaanza ameombwa awaambie kwamba karatasi iliyo mkononi mwake imepangwa kwa namna aliyoipenda marehemu mwenyewe, mistari mifupi, kila mstari pumzi moja, kwa hiyo msomaji akikwama leo, kosa si la karatasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, baba yake akiwa fundi wa kuchomelea na mama yake akifua nguo za watu, na mama huyo hadi anafariki alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakungoja hata mkunga avue viatu, alikuja na haraka yake, na haraka hiyo hakuiacha. Alitambaa kidogo tu, akasimama mapema, na tangu aliposimama ikawa shida kumkalisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaimaliza mwaka 1971, na kila taarifa iliyoletwa nyumbani ilisema ana akili lakini hatulii kitini, mpaka mwalimu wa darasa la nne, alipochoka kumgombeza, alipompa chaki na kumwambia kwamba kama kukaa kumemshinda basi asimame aandike ubaoni. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mtoto yule anaandika mstari ulionyooka bila rula, kutoka ukingo wa ubao hadi ukingo. Akaendelea na sekondari, 1972 hadi 1975, akafaulu kwa kiasi chake, na hatutampamba marehemu kwa asichokuwa nacho, kemia ilimpiga chenga mchana kweupe.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha kupanga herufi za madini ya risasi, kazi inayofanywa kwa kusimama, na kwa hiyo ikamfaa, akakaa huko miaka kumi na miwili, vidole vyeusi, macho makali, mguu mmoja ukigonga sakafu muda wote hata wenzake wakamwita Cherehani, bila kujua kwamba jina hilo lilikuwa linamwendea mtu mwingine maishani mwake. Mwaka 1989 akahamia redioni, idara ya matangazo, na mwaka 1992 zilipoletwa kompyuta, zile za skrini nyeusi na maandishi ya kijani, zisizo na picha wala kipanya, ambazo ukitaka kitu unaziandikia amri, unabonyeza na kungoja, wenzake waliziogopa, yeye akazipenda, kwa sababu, alisema, hatimaye amepata mfanyakazi mwenye haraka kama yake.

Kazi yake ilikuwa kupanga maandishi ya matangazo ya vifo, na kazi hiyo ukiieleza mtaani watu wanakuonea huruma, lakini sikilizeni. Matangazo yaliletwa kwa karatasi, makarani wakayachapa kila mmoja kwa tabia yake, huyu mstari mrefu usio na mwisho, yule ameacha mapengo kama meno ya mtoto, na marehemu aliyachukua mafaili hayo ya maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo, akayapitisha kwenye amri zake fupi, moja ya kufagia nafasi zilizozidi, moja iitwayo fmt ya kuunganisha aya zilizovunjika, nyingine iitwayo fold ya kuikunja mistari isizidi herufi sitini, kwa sababu herufi sitini, kwa hesabu yake, ndizo pumzi moja ya mtangazaji. Kabla yake mstari uliwahi kukatika vibaya, mtangazaji akavuta pumzi mahali pasipostahili, na mtoa taarifa akasikika ndiye aliyefariki, akaja redioni kesho yake kwa miguu yake mwenyewe kulalamika, na sekretari wa mapokezi akaondoka mbio. Baada yake, halikutokea tena jambo kama hilo.

Lakini asiyekosea ni asiyefanya kazi, na hapa tunasema kosa lake wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Siku ya Ijumaa tarehe 9 Septemba 1994, kijana mmoja alileta tangazo la kifo cha baba yake, seremala, na tangazo hilo lilikuwa na mtu mmoja hasa lililomlenga, binti wa seremala huyo, fundi cherehani katika mji wa mbali, asiye na simu, ambaye redio ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumfikia kabla ya mazishi ya Jumapili. Sasa amri zile zina alama ya mshale, unayoiandika kuonyesha kazi iliyokwisha kupangwa imiminwe faili gani, na sheria ya kwanza ya kazi ni kumimina kwenye faili jipya, kwa kuwa ukiuelekeza mshale kwenye faili lile lile unalolisoma, kompyuta haianzi kwa kuchota, inaanza kwa kumwaga. Marehemu aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote katika jengo lile, lakini haraka haina baraka, akauelekeza mshale kulikotoka maneno, akabonyeza, na matangazo yote ya jioni ile yakawa skrini nyeusi.

Karatasi za asili zilikuwa zimeshafungiwa ofisi ya uhasibu, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda zake hadi Jumatatu, marehemu akamfuata nyumbani, akamfuata kwa wakwe zake, asimpate, akarudi akayaandika upya kwa kichwa yale aliyoyakumbuka, yakasomwa. La seremala hakulikumbuka. Binti alipata habari Jumanne kwa mdomo wa abiria, akafika akakuta udongo umeshaanza kukauka, na ukoo ulipoketi kumuuliza yule kijana aliyetumwa redioni, na redio ilipoulizwa ikajibu, kwa kuficha kosa lake, kwamba haikupokea tangazo lolote, ikaonekana kijana alizinywa pesa za tangazo, na kweli kijana yule alikuwa anajulikana kwa kunywa, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza, hata dada yake aliacha kumsemesha.

Mkuu wa idara alimwambia marehemu anyamaze, yaliyopita si ndwele, watu husahau. Marehemu alijaribu kunyamaza, tunaambiwa, akashindwa, alizunguka ofisini, alizunguka nyumbani, alizunguka uwanja wa mpira bila mpira, na mwezi wa Oktoba akapanda basi hadi mji uliotajwa kwenye karatasi ya tangazo, akauliza mafundi cherehani mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwenye chumba chenye mashine mbili na kitambaa cha sare za shule kila mahali, akasimama mlangoni, akasema, tangazo mlilileta, kaka yako alilileta kwa mkono wake, mimi ndiye niliyelifuta. Fundi yule akamtazama, akamsogezea kiti kwa mguu, akamwambia, "Kaa chini, kaka, utaanguka." Marehemu akasema atasimama. Fundi akamwambia basi kama ni mwanamume kweli akayaseme hayo mbele ya ukoo, naye akaja, akasimama katikati ya sebule iliyojaa wajomba, akayarudia neno kwa neno, na baadaye akapewa barua ya onyo kazini kwa kuisemea redio bila ruhusa. Kijana aliyesafishwa jina siku ile aliinua kichwa chake, hajakiinamisha tena, chupa nayo aliiacha, na ndiye anayewasomea karatasi hii.

Mwaka uliofuata, ulipofika Septemba, marehemu alikuja na fyekeo kusafisha kaburi la seremala, hakuna aliyemwita, na mwaka uliofuata tena akaja, na safari zikaanza kuwa nyingi kuliko majani yaliyokuwapo, watu wazima tukaelewa. Alifunga ndoa na fundi huyo tarehe 20 Desemba 1997, suti ya bwana harusi ikishonwa na bibi harusi, ambaye alilalamika kwamba hajawahi kumpima mteja asiyetulia namna ile. Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye sasa ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa mwaka 2003, ambaye bado yuko chuoni.

Waliishi katika nyumba ambayo chumba kimoja kilikuwa na cherehani upande huu na kompyuta upande ule, na vyote viwili vilipiga kelele, lakini kilichozidi kelele ni miguu ya marehemu, kwani tangu siku ile ya mshale hakumaliza mlo bila kuinuka kwenda kuhakikisha faili fulani bado lina maneno ndani yake. Alitengeneza nakala, na nakala za nakala, orodha ya wageni wa harusi yake ingali katika diski tatu, na mwanawe alipomletea programu mpya ya kuandikia, yenye vitufe vya rangi na uwezo wa kurudisha kilichofutwa, aliisifu kwa adabu, akarudi kwenye kidirisha chake cheusi. "Kaa chini, mwanamume wewe," mkewe alimwambia kila siku ya Mungu, akikanyaga mashine bila kuinua macho, na marehemu akajibu, "Nakuja, Fundi," na hakuja.

Jambo moja lilimkosesha utulivu kuliko mafaili, na shemeji yake ni shahidi, kwa sababu alikuwapo. Kila Septemba, wakishamaliza kufyeka, marehemu alimwuliza mkewe, "Fundi, umenisamehe?" na mkewe akamjibu, "Shika fyekeo, majani hayajikati yenyewe." Sisi wengine tulicheka, tukaona ni utani wa mume na mke, maana ni nani anayeolewa na mtu ambaye hajamsamehe, akamzalia na watoto wawili. Lakini marehemu alikuwa mtu wa kuamini kilichoandikwa kikaonekana, na neno lile hakuwahi kuliona.

Alistaafu mwaka 2017, akawa mpangaji wa maandishi ya mtaa mzima, ratiba ya maji, matokeo ya shule, kumbukumbu za vikao, yote yakitoka kwake yamenyooka. Mwezi Novemba 2022 alipatwa na kiharusi kilichoulegeza mkono wa kulia, akajifunza kuziandika amri zake kwa mkono wa kushoto, akikosea na kurudia, na mkewe akaanza kuketi karibu naye kumsaidia, hivyo ndivyo mshonaji alivyojifunza kukunja mistari. Mwaka huu moyo ulianza kushindwa, akalazwa tarehe 27 Mei, na wodini hakulala kama wagonjwa wengine, alitembea na chuma cha dripu mkononi, na akawaeleza wauguzi kwamba tangazo la saa za kuona wagonjwa limekatika mstari vibaya.

Siku ya Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, alimwuliza mkewe swali lake la Septemba, na ilikuwa bado Juni, mkewe akashtuka kidogo, akamwambia anakwenda nyumbani kuleta mashuka safi, akirudi jioni atamjibu. Saa kumi na moja jioni moyo wake ulisimama. Binti yake, aliyekuwa naye, anasema hakuwa kitandani, alikuwa amesimama dirishani akiangalia geti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, waliomvumilia mgonjwa asiyelala, inawashukuru majirani waliopika, waliolala nasi na waliochimba, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa redio, waliolisoma tangazo la kifo chake jana na juzi, bila kuvuta pumzi mahali pasipostahili, na tunawaambia kwamba lilisikika hadi mbali, ndugu wote wamefika, hakuna aliyekuta udongo umekauka.

Historia hii ilisemwa na watoto na shemeji yake, ikachapwa na mjane kwenye kompyuta ya marehemu, naye akaikunja kwa amri alizofundishwa, na kabla ya kubonyeza aliutazama mshale mara mbili. Mwisho wa ukurasa ameongeza mistari yake mwenyewe asubuhi ya leo, na amemtaka kaka yake aisome jinsi ilivyo, polepole, mstari mmoja, pumzi moja.

Baba watoto,
nilikusamehe siku ile uliyokataa kiti mlangoni kwangu.
Nilidhani unajua.
Nilipenda kuulizwa, ndiyo maana sikujibu.
Jioni ile nilikuwa nimeshafika getini, na mashuka mkononi.
Tangazo hili limekuchelewea,
kama lile lilivyonichelewea mimi.
Sasa tuko sawa.
Kaa chini, mume wangu.
Pumzika kwa amani.