Kumi na Nane kwa Uzi Mwekundu

Wasikilizaji wapendwa, gari la mazishi limeshavuka geti la hospitali. Linakwenda taratibu. Dereva kazima redio kwa heshima, kwa hiyo marehemu mwenyewe hatusikii. Tumsindikize hivyohivyo.

Anayekwenda kuzikwa ni fundi cherehani wa hospitali. Watu walimwita Dakika Nzima. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kijumba cha nyuma ya dobi, akitia viraka mashuka na kubandika vifungo. Kwa kushona alisifika. Kwa kulipiza kisasi alisifika zaidi.

Kisa ni hiki. Mdogo wake wa kike alilazwa kitanda namba tisa, kifua kimembana. Fundi alikaa kando yake na shuka la kushona mapajani, akaona blanketi linapanda na kushuka upesi upesi. Akavua saa ya mkono. Akahesabu dakika nzima. Pumzi thelathini na nne. Nasema tena, thelathini na nne, na mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hazidi ishirini.

Akamwendea daktari wa wodi. Bwana huyu alikuwa na mtindo wake. Mafaili yote yalirundikwa kwenye meza ya dirishani, naye akajaza vipimo huku anakunywa chai. Wagonjwa wako kule, yeye yuko huku. Fundi akamwomba aje ahesabu mwenyewe. Daktari hata kichwa hakuinua.

"Mama, wewe hesabu vifungo."

Alasiri ileile mdogo mtu akakata roho. Kwenye faili, kasi ya kupumua iliandikwa kumi na nane. Fundi akachungulia mengine pale mezani. Mzee wa pumu, kumi na nane. Kijana aliyevunjika mguu, kumi na nane. Wodi nzima inapumua kama askari wa gwaride.

Hakupiga kelele. Mwanawe, fundi kama yeye, anasimulia: "Mama akikasirika kweli, nyumba inanyamaza. Tulinyamaza miezi kumi na moja."

Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia, karani wa masjala, ambaye fundi aliwashonea wanawe sare, alimtolea faili la marehemu. Fundi akaweka juu yake karatasi mpya ya vipimo, haijajazwa. Jumatatu asubuhi akalichomeka katikati ya rundo la dirishani, akarudi kwenye cherehani yake.

Saa nne daktari mkuu akaja kupitia wagonjwa. Akauliza, kitanda namba tisa je? Daktari wa wodi akasoma alichojaza asubuhi ile: anapumua kumi na nane, anaendelea vizuri. Wakageuka kutazama. Kitanda kitupu, godoro limekunjwa. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na mashuka yake.

"Huyo ni mdogo wangu. Tulimzika mwaka jana," akasema. "Vifungo nimehesabu, daktari. Vyote vipo."

Daktari akapewa barua ya onyo, basi. Barua. Fundi akaona haitoshi. Makoti ya daktari yalikuwa yakija kwake kushonwa, na kila koti lililorudi lilikuwa na namba mgongoni, chini ya kola, kwa uzi mwekundu: 18. Daktari alifumua. Fundi alishona tena. Miaka saba. Muuguzi mmoja alimsihi asamehe yaishe. Akajibiwa: "Aje aniombe radhi dakika nzima. Saa ninayo."

Kwa mwanawe na nyumba yote, poleni sana. Nawe unayesikiliza kando ya mgonjwa wako, tazama kifua chake, tazama saa, hesabu mpaka mshale umalize mzunguko. Ukiambiwa uhesabu vifungo, hesabu upya, kwa sauti.

Karani amestaafu. Daktari mkuu alihamishwa, ila aliacha saa kubwa ukutani na akaiondoa ile meza ya dirishani. Daktari wa wodi bado yupo. Siku hizi anahesabu. Radhi hakuomba. Fundi alilala siku zake nne za mwisho kitanda namba tisa, na faili lake linasema ishirini na mbili, ishirini na tisa, thelathini na tatu, kumi na moja. Kwenye cherehani yake kulikutwa koti la daktari. Tarakimu ya moja ilikuwa imekwisha kushonwa, nane imefika nusu. Leo asubuhi, kabla gari halijaondoka, mwanawe ameimalizia, na koti limerudishwa kwa mwenyewe.