Bi. Edith na Matangazo ya Matanga

Bi. Edith Ochieng anastaafu Jumanne, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha utafiti wa amani. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu meza zetu zinapakana. Walioniomba hawajui ninavyomwonea wivu.

Alianza Homa Bay, akikata habari za mapigano magazetini na kuzibandika kwenye faili. Habari zilipohamia mtandaoni, naye akahamia Migori. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ndani ya makundi ya WhatsApp ya vijiji vingi vya mpakani. Mimi nusu ya makundi hayo yalinikataa. Yeye walimtumia salamu na picha za watoto wao.

Kisa kinachonikera hadi leo ni cha wizi wa ng'ombe uliogeuka vita. Tovuti za habari zilikimbizana, nami nikakimbizana nazo. Kufikia mchana nilikuwa na ripoti ya watu kumi na mmoja waliouawa, na mkurugenzi wetu, Bi. Joyline, alikuwa tayari kuituma. Vijana wa upande uliofiwa walikuwa wamekwisha kuchukua mishale. Edith hakuwa ameandika hata mstari. Alikuwa anapekua kurasa za Facebook za matangazo ya vifo na michango ya mazishi, huku akinywa chai.

“Ngoja kwanza, Angwenyi,” aliniambia. “Mtu akifa, lazima kwao watangaze matanga.”

Yalitangazwa matanga matatu tu. Kila tovuti ilikuwa imewapa marehemu walewale kijiji tofauti, nami nikawahesabu upya kila mara. Machifu walisoma idadi ya Edith barazani, vijana wakarudi nyumbani. Bi. Joyline alimkumbatia. Mimi niliambiwa asante kwa bidii.

Nimekitamani kiti chake tangu siku hiyo, na juzi nimepewa. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Kisha Edith akanikabidhi simu ya kazi, nikaifungua. Imejaa video ambazo wanavijiji humtumia, za miili ya waliouawa na za mama zao wakiwalilia. Kumbe alizitazama peke yake kila asubuhi kabla hatujafika, akatuletea idadi tu, na mandazi.

Asante, Edith. Nenda Kendu Bay ufuge kuku wako. Ofisi nzima inakutakia afya na usingizi mzito. Mimi, kama kawaida, nakuonea wivu.

Angwenyi Mochama