Kaburi Kando ya Ziwa

Batoto bangu, Lusenge na Jokébed, mukaribie, sauti yangu haifike mbali tena. Asubuhi mulifikiri ninalala, mais nilisikia: Lusenge ametuma batu bachimbe kaburi yangu kule kando ya ziwa Edouard, katika shamba yetu. Asante. Ile shimo, baifukie leo.

Nilikuwaka garde wa parc, mulinzi wa ile mbuga ya banyama kando ya ziwa, miaka makumi mbili. Nilipelekaka bageni kwenye ule ufuko: tunashuka mawe kwa mikono na kwa matako, hata bakubwa ba bureau, na kule chini tunakuta muchanga mweupe, viboko ndani ya maji, ndege bengi mpaka mutu anaacha kuongea. Nilipendaka ile pahali kupita nyumba yangu. Mama yenu alijua, alinichekaka.

Vita ya 1996 ilipofika, batu ba bunduki balituvua uniforme, tukarudi nyumbani bila mushahara. Hakuna mutu alijua mupaka wa parc kupita mimi, basi mimi njo niliuhamisha. Niling'oa miti ya mupaka, nikaipanda tena juu ya yale mawe, pale bageni balikuwa banasimama kuangalia ziwa, nikalima mihogo: njo ile shamba yetu. Majirani bakasema, kama garde mwenyewe analima, haiko parc tena, bakanifuata na mapanga na moto. Ningebakataza na mudomo gani? Njaa ilikuwa ya kweli. Lakini ile udongo niliiba.

Munajua desturi yetu: pale muzee amezikwa, hakuna mutu atafukuza batoto bake. Ndiyo maana, Lusenge, umeharakisha shimo na mimi ningali napumua. Sikukasirikie, hata mimi ningefanya vile. Lakini siku moja bagarde batarudi, na batakuta mifupa yangu imelala ndani ya mupaka niliolipwa kuulinda.

Munizike hapa Butembo, Kimemi, katika makaburi ya bote, hata kama hakuna kitu cha kuangalia ila mabati. Muvune mihogo, kisha murudishe miti pale ilikuwa. Majirani batawatukana, tena sana. Mulime shamba ya Lubero, ile baba yangu aliniachia, iko yetu kweli. Mungu abariki mikono yenu, na... ngoja nipumue.

Kichwa yangu inaanza kupotea. Kesho labda nitalia, nitaomba munipeleke kule ziwani, nitaomba kwa jina la mama yenu. Musinisikie. Munishike mukono tu... munidanganye... museme tumekwisha kufika.