Kipimo cha Pili cha Ambakisye Mwasomola

Waliokuwepo chumbani alipofariki ni hawa: mkewe, Imelda, mwanawe, Lusajo, binti yake, Ikupa, Bwana Elinaja Mbwambo, aliyefanya naye kazi maabara, na mimi ninayewasomea, kaka yake, Naftali Mwasomola.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1941, Masoko, wilayani Rungwe, akasoma Malangali kuanzia mwaka 1957 hadi 1960, akaja Minnesota Septemba 1963, akahitimu kemia mwaka 1967, na tarehe 8 Agosti 1970 akafunga ndoa na Imelda hapa Saint Paul, wakajaliwa Lusajo mwaka 1972 na Ikupa mwaka 1975.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alipima mafuta ya transfoma kubwa za umeme. Transfoma ikipata joto kali au cheche ndani, mafuta yake hutoa gesi zinazobaki zimeyeyuka humo, naye alizisoma kama daktari asomavyo damu. Asetilini ndiyo iliyoogopwa kuliko zote, kwa kuwa ni dalili ya cheche. Mwaka 1991 ilionekana katika transfoma moja ya Plymouth, wakubwa wakataka izimwe na kufunguliwa, yeye akaomba kipimo cha pili, kikaonyesha kwamba gesi haikuongezeka, ilikuwa imevuja tu kutoka kwenye chumba cha swichi kilicho ubavuni, ambamo cheche ni jambo la kawaida. Transfoma ile inafanya kazi hadi leo.

Machi 1996 daktari wake wa Roseville hakuridhika na damu yake, akataka kipande cha ini kichunguzwe mara moja. Marehemu akaomba kwanza damu ipimwe tena baada ya miezi sita.

Imelda akamwambia, “Baba Lusajo, wewe si transfoma.”

Akacheka. “Mama Lusajo, namba moja haionyeshi mwendo. Tungoje ya pili.”

Imelda hakucheka.

Septemba ikaja namba ya pili, juu kuliko ya kwanza. Marehemu akaziweka zote mbili mezani, akamwita Elinaja azisome.

“Mzee, ingekuwa mashine, ungeizima leo.”

“Ningeizima Machi, Elinaja.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani wa Lakeville walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa. Imelda amechoka, naomba baada ya mazishi mumwache alale.

Nawe lala, mdogo wangu, hakuna kipimo kingine.

Ambakisye Mwasomola alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 1997, asubuhi.