Magodoro ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Meya, mgeni rasmi wetu, Ndugu Meneja wa ukumbi huu uliopakwa rangi upya, waheshimiwa madiwani mliokalia viti vyenu, na waheshimiwa madiwani ambao viti vyenu vimekaliwa na makoti, viongozi wa dini, wazazi wenzangu, wafanyabiashara wenzangu wa barabara ya sokoni, na nyinyi mliotoka miji ya mbali mkapangwa kule nyuma kabisa, karibu na choo, na mito yenu mapajani: nawasalimu wote. Nyinyi wa nyuma nawasalimu mara mbili.

Nilipokuwa napanda ngazi, mshereheshaji amenishika mkono akaninong'oneza, "Mama, dakika chache tu, halafu ushukuru uongozi." Nimemkubalia. Nitaushukuru uongozi mpaka uongozi wenyewe uombe nipumzike.

Kwa wasionijua, mimi ni muuza magodoro. Kama unalala vizuri katika mji huu, basi tunafahamiana. Nimepewa maikrofoni kama mzazi, kwa sababu mpiga dramu wa bendi mnayoisubiri ni binti yangu, yule mnayemwita Nyundo, na mwimbaji wao ni mtoto wa kaka yangu. Gitaa linapigwa na fundi wa friji, na besi linapigwa na mwalimu wa hesabu, kijana mkimya ambaye wanafunzi wake wakimwona jukwaani hawaamini macho yao. Wanapiga roki, nyimbo za kutunga wenyewe, na hawana kampuni wala mfadhili. Watu huniuliza, "Mama, huo ni muziki wa namna gani hasa?" Nami huwajibu kwamba kitaalamu mimi najua sponji.

Basi nianzie kwenye sponji. Walipoanza, hakuna nyumba iliyowataka. Walifukuzwa kwa kaka yangu, wakafukuzwa kwenye karakana ya friji, wakafukuzwa hata kwenye darasa lililovunjika madirisha. Mwishowe binti yangu akanijia dukani na uso ule anaouvaa akitaka kitu. "Mama, stoo yako ina nafasi?" Nikamwambia ina magodoro. Akasema, "Ndiyo maana." Wakajibana mle, katikati ya magodoro yaliyosimamishwa ukuta hadi ukuta, wakafunga mlango wakaanza kazi.

Ndugu zangu, godoro halina ubaguzi. Linameza gitaa, linameza besi, linameza na matusi ya mwimbaji akisahau maneno yake mwenyewe. Mle ndani walikuwa hawasikiani. Sasa ukipiga usisikike, unafanya nini? Unapiga kwa nguvu zaidi. Na mwenzako naye asiposikika? Naye anaongeza. Hivyo ndivyo walivyojifunza muziki, kila mmoja akishindana na sponji, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba duniani kuna vyumba visivyo na magodoro. Na mimi nimekaa nje kwenye kaunta, nasikia du, du, du kwa mbali. Mteja mmoja alisimamisha mkono wake akiwa anahesabu pesa za bei tuliyokwisha kubaliana, akaniuliza kwa heshima kubwa, "Mama, kuna mtu umemfungia humo ndani?"

Siku yao ya kwanza kutoka hadharani ilikuwa hapa hapa, Wiki ya Vijana, kwenye jukwaa hili. Mimi sikuja, maana ilikuwa shule zinafunguliwa, na mzazi wa mtoto wa bweni akitaka godoro anataka leo. Lakini nimesimuliwa mpaka naiona. Walipanda, wakahesabu, wakapiga kama walivyozoea kupiga stoo. Wageni wa mstari wa mbele walirudi nyuma na viti vyao. Kabla wimbo haujafika katikati, kipande cha plasta kikashuka kutoka darini, kikatua kwenye meza kuu, ndani ya chombo cha maua.

Hapo ndipo ninapoanza kuushukuru uongozi. Ndugu Meneja, nakushukuru, maana ulikwenda mwenyewe hadi kwenye swichi ukazima umeme, ukarudi na kusema mbele ya watu, "Huu si muziki, huu ni ubomoaji." Nakushukuru pia kwa kutosema lolote kuhusu ndoo iliyokuwa imesimama pale jukwaani siku hiyo, ile ya kukingia maji ya paa, ambayo wanangu walilazimika kuizunguka na spika zao. Dari iliyokunywa mvua miaka yote hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la binti yangu. Mkawapiga marufuku, na marufuku yenu mkaibandika mlangoni, kwa herufi kubwa, ili hata mimi nikipita na mkokoteni nisome vizuri.

Je, mngewaruhusu, wangekwenda wapi? Wangebaki hapa, wakipiga kila Wiki ya Vijana kati ya mashairi na maonyesho ya mapishi, mpaka wazeeke. Mliwafungia mlango, wakalazimika kutafuta milango mingine. Walipiga kwenye duka la samani, wasikilizaji wamekaa juu ya makochi yenye bei. Walipiga kwenye ukumbi wa harusi mchana, kati ya harusi iliyoisha na harusi iliyokuwa inakuja, na bibi arusi wa pili akagoma kuingia mpaka wamalize wimbo. Katika mji mmoja wa ng'ambo ya mto, mara ya kwanza waliowapata ni watu wachache waliokuwa wanasubiri mvua ikatike. Mvua ikakatika, watu wakabaki. Waliporudi mara ya pili, wale wachache walikuwa wamekuja na shemeji zao, na majirani zao, na yule mama muuza vitambaa ambaye nimemwona kule nyuma. Usijifiche, dada, nimekuona.

Na mito je? Watu wa mbele nawaona mnageuka geuka kuitazama. Mwanangu mwimbaji hana siri, akapanda jukwaani mji mmoja akasimulia habari ya stoo ya shangazi yake. Safari iliyofuata, watu wakaja na mito ya nyumbani. Watu wazima, wenye kazi zao, mhasibu mzima na tai shingoni, kakumbatia mto. Wimbo ukipamba moto wanainyanyua juu, ukumbi mzima. Mji wa pili ukasikia ukaiga, na wa tatu, na sasa bendi hii ikifika popote pale kanda hii, maduka ya mito yanajua kabla ya magazeti. Mimi mwenyewe nimeanza kuuza mito. Sikupanga, ila siwezi kusema nimechukia.

Ndipo ukumbi wetu ukakarabatiwa. Pazia jipya, viti vipya, plasta mpya. Likabaki swali dogo: nani ataujaza? Uongozi ukakumbuka ghafla kwamba una watoto. Ndugu Meneja nilikusikia redioni nikiwa kwenye kaunta. Ulisema, "Hawa ni vijana wetu, tumewalea sisi." Nilikuwa napima sponji, nikakata vibaya. Mheshimiwa Meya, nawe ulisema unazijua nyimbo zao zote kwa moyo. Sitakuomba uimbe hata mmoja. Ni siku ya furaha, sitaki kukuumbua.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mmemsikia mshereheshaji akisoma ratiba kwa sauti yake nzuri: "Burudani laini kutoka kwa bendi yetu, bila dramu." Wengine mmedhani amekosea. Hakukosea. Juzi Meneja alikuja dukani kwangu, akaketi juu ya godoro la maonyesho, akajipapasa magoti, akasema, "Mama, unajua plasta bado ni mbichi. Na wageni wenyewe ni watu wa heshima. Tumewaomba vijana wapige taratibu, na binti atapumzika leo." Nikamuuliza, "Atapumzika kwani ni mgonjwa?" Akasema, "Hapana, Mama, ni utaratibu tu." Akainuka. Godoro lile lilibaki na shimo la makalio yake mpaka jioni.

Kilichonikera zaidi si yeye. Yeye nimemzoea. Kilichonikera ni nyinyi, wanangu. Nyinyi ambao mmelala kwenye gari, mmekula mikate mikavu, mmepiga mbele ya viti vitupu, leo mmeonyeshwa pazia jipya mkawa wapole kama maharusi. Nilimuuliza mwimbaji, akatazama viatu vyake. "Shangazi, ni ukumbi wa nyumbani. Tumeutaka muda mrefu." Nikamuuliza binti yangu. Akaniambia, "Wapige bila mimi, Mama. Nitakaa mlangoni niuze fulana. Si kitu." Yule ni mtoto wangu, nimemzaa, na najua sauti yake ikisema si kitu maana yake nini.

Na mimi je, nani aliniuliza? Miji yote mliyotoka nyinyi wenye mito imemsikia binti yangu. Mimi sijamsikia. Wao wakisafiri mwisho wa wiki, mimi ndiyo nimefungua duka. Wakirudi, wanarudi stoo, na mimi nasikia du, du, du. Miaka yote hii nimemsikia mtoto wangu kupitia sponji. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Nimefunga duka, nimevaa kitenge hiki ambacho bado kina mikunjo ya dukani, nimekuja mbele kabisa, ndipo naambiwa atapumzika. Nimelia, ndugu zangu, na sioni haya kusema.

Nilipomaliza kulia nikapakia gari. Asubuhi ya leo gari langu la magodoro lilikuja mlango wa nyuma wa ukumbi huu, na wapakuzi wangu wakashusha mizigo iliyofungwa vizuri kwenye nailoni za dukani, mingine ya duara kidogo kuliko magodoro ya kawaida. Mlinzi akauliza, "Mama, hivi ni vitu gani?" Nikamwambia, "Ni magodoro ya mgeni rasmi." Akatusaidia kubeba. Mlinzi msimfukuze, nilimdanganya mimi. Mheshimiwa Meya, ukisogeza macho nyuma yangu, kwenye hilo pazia jipya, utaona limetuna kidogo. Ni dramu. Zimepangwa zote tayari kupigwa, mpaka matoazi.

Ila sikumdanganya kabisa. Magodoro mawili ya kweli yapo pale mlangoni, ya daraja la juu, zawadi kutoka dukani kwangu. Moja la Mheshimiwa, moja la Ndugu Meneja. Anayeona kelele zitamzidi, wapakuzi wangu watampelekea godoro hadi kwake sasa hivi, alale salama. Na anayetaka kwenda kwenye swichi aende, anaijua ilipo. Lakini safari hii atapita katikati ya watu hawa wa mito, na mimi nitakuwa nimesimama nikimtazama.

Naona makoti yameanza kuchukuliwa kwenye viti. Vizuri. Wa nyuma, sogeeni mbele, viti si vya makoti. Mwalimu wa hesabu, vuta pazia. Mtoto wa kaka yangu, acha kutazama viatu.

Wewe wa mlangoni, mwanangu, weka chini hizo fulana. Usiniangalie hivyo, panda. Plasta ikidondoka nitailipia kwa magodoro.

Wageni wangu, mmenipa masikio yenu muda huu wote, nami nashukuru sana. Sasa mpeni yeye. Nami nakaa hapa mbele, nimsikie.