Mwalimu Khamala na Daftari Jeusi Lililokuwa Stoo

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2008, Dkt. Naftaly Khamala ataweka chini fimbo yake ya kuongozea muziki, baada ya kukitumikia Kituo cha Muziki cha Mashimoni, hapa Kibera, kwa miaka ishirini na mitatu. Kamati imeniomba mimi, Ndunge, mtunza stoo na funguo, niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Wangenijua vizuri wangemwomba mwingine. Mimi ni mtu wa kushuku. Mchele nauchambua mara mbili, na mgeni namtazama viatu kabla ya uso.

Mwalimu, maana hivyo ndivyo tunavyomwita hata baada ya udaktari wake, alitufikia mwaka 1985 kutoka ng'ambo, alikokwenda kusomea uongozaji wa opera. Ni mzaliwa wa Bungoma. Nilimchunguza wiki nzima kupitia dirisha la stoo. Haimbi, hapigi kinanda, anapunga kijiti hewani, na mwisho wa mwezi analipwa. Nikasema moyoni, huyu ni tapeli msomi, nampa mwezi mmoja.

Mwezi haukuisha akashikwa na malaria. Kikundi kikaamua kufanya mazoezi bila yeye. Soprano walimaliza wimbo kwanza, alto wakafuata, na besi wakaingia mwishoni kabisa kama wageni waliopotea njia. Siku hiyo nilielewa kijiti kinafanya nini, ingawa sikumwambia mtu.

Kujiunga na kikundi chake kulikuwa na ada moja tu, nayo haikuwa pesa. Kila mwimbaji alitakiwa kuleta wimbo mmoja kutoka kwao, kutoka kinywa cha mama au nyanya, ambao hakuna mwingine kikundini aliyeujua. Mwalimu alikaa naye, akausikiliza mara tatu, akauandika kwa solfa, yaani do-re-mi, katika daftari kubwa la jalada jeusi. Pembeni aliandika jina la mwenye wimbo, mtaa anaoishi, rangi ya mlango wake na nyumbani kwao. Humo zilikuwamo nyimbo za kupalilia kutoka Bungoma, za kubembeleza watoto kutoka Machakos, za kutwanga, za kuomboleza. Daftari hilo ndilo lililompa shahada ya uzamivu mwaka 1997, na wakubwa wa chuo walishangaa kusikia kwamba utafiti wote ulifanyika baina ya Gatwekera na Lindi, humu humu Kibera, kwa miguu.

Hata mimi nisiyeimba alinidai ada. Mwaka 1993 alikaa juu ya debe pale stoo, nami nikamwimbia wimbo ambao mama yangu aliuimba akichimba mchanga wa mto mkavu kule Kitui, akisubiri maji yapande kisimani. Uliponitoka nilijua kwamba sauti yangu ni alto. Tangu hapo nikawa mwimbaji, na nikawa bado namshuku, lakini kwa heshima.

Opera yake iliyopendwa zaidi ni *Foleni ya Maji*, aliyoitunga kutokana na nyimbo za daftari, akaiandika humo humo, na kuionyesha mara ya kwanza mwaka 1994 katika ukumbi wa kanisa huko Kawangware. Katika sehemu ya pili wanawake wawili wanagombania zamu ya mtungi. Waliimba ugomvi ule kwa ufundi hata mama mmoja muuza mboga, Jentrix, akainuka katikati ya watazamaji, akapanda jukwaani na kuwaachanisha. "Nyinyi wawili, aibu! Maji ni ya wote," akawaambia. Mwalimu hakusimamisha muziki. Alimgeuzia fimbo Jentrix, akamwonyesha aendelee. Ameigiza sehemu hiyo hiyo miaka kumi na minne sasa, na mboga bado anauza.

Kama hadithi ingeishia hapo kwenye raha, ningekuwa nimemaliza wasifu, na kamati ingefurahi. Lakini kuna mwezi mmoja ambao siwezi kuuruka.

Kura za Desemba mwaka jana zilipovurugika, kila mtu Kibera akawa kama mimi. Watu waliokopeshana chumvi walianza kuulizana majina ya ukoo. Sisi wa Kitui na Machakos tulitazamwa kwa jicho la pembeni. Kule Kawangware, Muigai, mwimbaji wetu bora wa sauti ya tenor, alihama chumba mara mbili kwa wiki moja. Ilisemwa kuna orodha zinazoandikwa, za nani anaishi wapi na ametoka wapi. Hakuna aliyeziona, na kila mtu alizijua.

Basi wiki ya pili ya Januari, Mwalimu akaanza kupita mitaani na lile daftari. Lindi, Mashimoni, Gatwekera. Anasimama mbele ya nyumba, anatazama mlango, anaandika, anakwenda. Vijana waliokuwa wakilinda njia ya kuingia Lindi hawakumfurahia. "Huyu budaa anachora keja za wasee," nilimsikia mmoja akisema, yaani mzee huyu anaziwekea alama nyumba za watu. "Ni ya nini hiyo?" Nami nikajiuliza vivyo hivyo.

Ijumaa ile aliniletea daftari stoo. Alisema si salama kutembea nalo tena, na kwamba funguo anazoziamini ni zangu. Akaenda zake. Nililifungua kabla hajafika kona.

Kurasa za mwisho zilikuwa mpya. Majina ya kikundi kizima, thelathini na wanane, kila jina na mlango wake na kwao. Kati ya majina kulikuwa na mistari. Musau wa Machakos aliunganishwa na Elvis wa Kakamega. Muigai aliunganishwa na Jentrix wa Busia. Hakuna mstari hata mmoja uliounganisha watu wa kabila moja. Nikatafuta jina langu. *Ndunge, Lindi, mlango wa bluu nyuma ya kinyozi, Kitui.* Mstari wangu ulikwenda moja kwa moja hadi kwa Khamala mwenyewe.

Niliusoma ukurasa ule kama mtu wa Januari 2008. Nilielewa kwamba kila mtu amepangiwa adui wa kummaliza, na kwamba wangu ni yeye. Jiko la chai lilikuwa linawaka pale nje. Nililiweka daftari juu ya makaa mchana kweupe na nikasimama nikiangalia mpaka jalada likajikunja. Sikufikiria kuchana zile kurasa za mwisho peke yake. Nimejiuliza swali hilo kila siku tangu hapo, na jibu ni kwamba woga hauna mkasi.

Jumatatu asubuhi alibisha mlango wangu wa bluu. Mnaijua desturi yake: kabla ya mazoezi hugonga kile chuma chake cha sauti chenye meno mawili, hukiweka kwenye ubao, hutoa noti, nawe humjibu. Aligonga chuma kwenye fremu ya mlango wangu. Akatoa noti ya alto, polepole. Mimi nilikuwa ndani nimeshika mchi kwa mikono miwili.

"Dada Ndunge, nimekuja kukuchukua," alisema. "Tutatembea pamoja mpaka Kawangware. Wewe utakaa kushoto kwangu."

Sikujibu. Alirudia noti ile mara mbili. Alisimama pale muda wa kutosha sufuria ya maharagwe kuanza kuchemka, kisha nikasikia viatu vyake vikienda.

Jioni Jentrix akaja kuniuliza kwa nini sikufika. Yeye ndiye aliyenieleza ile mistari. Mwalimu alikuwa amepata ukumbi wa kanisa Kawangware, penye unga na usalama, na ili watu wafike huko alimpa kila mwimbaji mwenzake wa kumvusha. Penye vijana wa upande wako, wewe unaongea na mwenzako ananyamaza. Mkifika penye vijana wa upande wake, mnabadilishana. Elvis alimvusha Musau. Jentrix mwenyewe alikwenda kumtoa Muigai chumbani, akapita naye mbele ya vijana wa kwao huku akimgombeza njia nzima kama mume wake. Watu thelathini na mmoja walifika siku hiyo. Mwalimu alifika peke yake.

Juma lililofuata nilikwenda Kawangware. Aliuliza habari ya daftari, nami nikasema wezi wamevunja stoo. Wiki ile stoo nyingi zilivunjwa, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na majirani. Aliporudi Mashimoni alikuja kuona. Kufuli lilikuwa zima, bawaba nzima, vumbi la mlangoni halijakanyagwa. Alilitazama kufuli, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba waimbaji wanahitaji chai. Hajaliulizia tena mpaka leo.

Mwezi Machi, baada ya viongozi kutia sahihi mapatano, *Foleni ya Maji* iliimbwa Kawangware. Aliiongoza saa mbili nzima bila karatasi, kwa sababu karatasi haikuwapo. Watu wakasema kichwa cha Mwalimu ni sanduku. Nilipiga makofi pamoja nao, na nilikuwa naona haya hata mikono ikaniuma.

Mwalimu, leo nakuambia mbele ya wote: hakukuwa na wezi. Nilikuwa na kila sababu ya kukuamini, nikakushuku. Wewe ulikuwa na kila sababu ya kunishuku, ukaagiza chai. Nisamehe.

Tangu Aprili nimekuwa nikibisha milango. Nina daftari jipya, nalo ni jeusi vilevile. Nimekwenda kwa Musau, kwa Ndanu, kwa mama yake Elvis, kwa shangazi yake Muigai, nikawaomba waimbe tena, na Everlyne wa soprano amekuwa akiniandikia solfa. Wapo walionifungia mlango, wakidhani naandika orodha, na sikuwalaumu. Mpaka sasa tumepata nyimbo mia moja na kumi na nne. Utakabidhiwa daftari siku ya Ijumaa kwa niaba ya Kituo, pamoja na saa ya ukutani ambayo kamati imenunua.

Ukurasa mmoja nimeuacha wazi. Mama yangu alifariki mwaka 2001, na wimbo wake wa kisima nakumbuka ubeti wa kwanza tu. Ubeti wa pili niliuchoma mwenyewe. Mtu mwingine pekee aliyewahi kuusikia ni wewe, juu ya debe, mara tatu.

Kituo kizima kinakushukuru na kukuombea siku ndefu, afya na shamba lisilokosa mvua huko Bungoma. Lakini kabla hujasafiri, pita Lindi. Mlango ni uleule wa bluu, nyuma ya kinyozi. Gonga chuma chako, utoe noti, nami safari hii nitajibu.