Mjomba Kidole Anakabidhi Mashine

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mjomba anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, karibu yote akiwa katika wodi yetu ya upasuaji. Jina lake halisi analijua mhasibu. Wagonjwa wanamwita Mjomba Kidole, nasi tunafupisha.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwalinda wagonjwa wa kisukari wanaosubiri kupasuliwa, na salamu yake kwao ilikuwa moja: "Nipe kidole." Alichoma, akasoma kipimo, ndipo akauliza umeamkaje. Muuza matunda wa pale getini, aliyewahi kulazwa kwetu, mpaka leo akimwona hunyoosha kidole kabla ya kumwamkia.

Ukali wake una chanzo. Zamani fundi cherehani mmoja aliambiwa asile chochote kabla ya upasuaji, akatii. Lakini hakuna aliyemwambia apunguze insulini, naye akajichoma dozi yake yote kama kawaida. Akawa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, jasho linamtoka, sote tukadhani ni woga. Mjomba akadai kidole. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Fundi akatundikiwa dripu ya sukari, upasuaji ukasogezwa hadi kesho yake, naye akanuna kweli kweli. Baadaye alimshonea Mjomba suruali mbili za shukrani, moja inambana hadi leo.

Tangu hapo alitukaririsha kwamba aliyelala kwa dawa ya usingizi hawezi kusema anatetemeka kwa sukari kushuka. Wagonjwa wa kisukari wakawa wa kwanza kupasuliwa asubuhi, wasishinde na njaa. Kila mmoja akaelezwa mapema dozi yake, na kidole kikapimwa kabla, katikati na baada. Daktari wetu wa usingizi haanzi kazi mpaka asikie namba kutoka kwa Mjomba.

Kasoro anayo. Alikuwa haamini mtu. Mashine ya kupimia ilikaa kwenye mfuko wa shati lake kama mali ya urithi. Hata binti mmoja wa wodini aliyefundishwa na Mjomba mwenyewe, muuguzi mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote, akishapima, Mjomba alirudia nyuma yake. Alikwisha kuongeza mkataba mara moja badala ya kustaafu. Tulihofia ataongeza tena, na mkewe alihofia zaidi.

Mwezi Machi ngiri ikamlaza yeye mwenyewe, naye ana kisukari kama wale anaowahudumia. Njiani kuelekea chumba cha upasuaji alitaka kujipima. Binti akamnyang'anya mashine.

"Mjomba, leo wewe ni mgonjwa. Tulia."

Akatulia, jambo ambalo wodi nzima ilikuwa haijawahi kuliona.

Upasuaji ulikwenda salama, binti hakubanduka. Mjomba alipoanza kuzinduka, macho bado yamefumbwa, mkono wake ulitoka polepole chini ya shuka, akanyoosha kidole. Binti akachoma, akasoma, akamwambia, "Saba, Mjomba. Iko sawa." Mjomba akarudi kulala. Hakutaka kipimo kirudiwe.

Alipopona aliomba kustaafu, na mashine akamwachia binti.

Asante, Mjomba, kwa vidole vyote ulivyovichoma na watu wote waliorudi makwao wakitembea. Tunakupenda, na tutazikumbuka hata kelele zako. Kapumzike, ule kwa wakati, umsikilize mkeo, na uishi vyema miaka mingi. Ijumaa, kabla hujakata keki, binti atakuja mbele kukuomba kidole. Toa bila ubishi.